Chui wa Dakika Tatu

Swali lenu la wiki hii, "Je, umewahi kukutana na paka mkubwa porini, na ulijuaje kwamba ndiye?", limenikuta nikisafisha bunduki, nikaiweka kando niandike. Nilikutana naye, ndiyo. Kwa dakika tatu hivi.

Tulikuwa wawili, usiku, tukisaka mbweha waliokuwa wakimaliza wanakondoo. Mwenzangu kashika kurunzi, mimi bunduki. Mwanga ulipopita juu ya tuta, macho mawili yakawaka, kisha mwili ukajitokeza: mweusi tititi, mrefu, mkia umening'inia na ncha yake imepinda juu. Akapita polepole kando ya nguzo ya uzio, na mgongo wake ukafika katikati ya nguzo ile. Nguzo za uzio nizijuazo hunifika kiunoni. Nikapiga hesabu kichwani, jibu likaja moja: chui mweusi. Mwenzangu akaninong'oneza, "Piga!" Sikupiga, na msinisifu kwa hilo, maana mikono ilikuwa inatetemeka. Mnyama akashuka upande wa pili wa tuta, basi.

Nawajua wasomaji wenzangu, wengi wataandika kuhusu macho. Macho yanayowaka gizani yanakwambia tu kwamba kuna kiumbe pale. Paka, mbweha, kondoo, swala, wote wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, na rangi unayoiona hubadilika kwa pembe ya mwanga na aina ya tochi. Nimewasikia wawindaji wakiapa kwamba kijani ni paka na nyekundu ni kitu kingine. Nawaachia wenyewe. Nazo hizi darubini za joto zinazosifiwa siku hizi hukuonyesha mwili wenye joto, si rangi wala madoa yake, na umbali ndio kabisa. Ndama aliyelala huonekana bonge la mwanga kama mnyama mwingine yeyote. Na mtu aliyechutama je?

Mimi natazama masikio. Paka wa nyumbani ana masikio yaliyochongoka, makubwa ukiyalinganisha na kichwa. Chui na puma, yule paka mkubwa wa Amerika mwenye rangi ya hudhurungi, wana masikio madogo ya mviringo juu ya kichwa kipana. Linksi, paka mwitu wa nchi za kaskazini, naye hana mkia wa maana, ni kisiki tu, na ncha za masikio yake zina vishungi. Rangi nyeusi isiwapumbaze: chui mweusi yupo, na jua likimpiga ubavuni utayaona madoa yake chini ya weusi, lakini puma mweusi hajapata kuthibitishwa popote, ijapokuwa kila mwaka kuna watu Marekani wanaodai kumwona.

Tusiwacheke waliokosea. Agosti 2012, polisi wa Essex, Uingereza, walirusha helikopta kumsaka simba aliyeonekana karibu na kijiji cha St Osyth. Simba hakupatikana, na wengi wakaamini lilikuwa paka moja kubwa la kufugwa lenye manyoya marefu. Julai 2023 ikawa zamu ya Ujerumani: watu wa Kleinmachnow, pembeni mwa Berlin, waliambiwa wakae ndani kwa sababu ya simba jike aliyenaswa kwenye video. Wataalamu walipoitazama vizuri waliona mgongo na miguu ya nguruwe mwitu. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Bodmin, huko Cornwall, Uingereza, ambako watu walidai kumwona paka mkubwa. Mwaka 1995 wachunguzi wa serikali walisema hawakupata ushahidi wa kuaminika wa paka mkubwa, na siku chache baadaye fuvu likaokotwa katika mto Fowey. Fuvu la chui kweli! Ila wataalamu wa makumbusho walikuta ndani yake kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto, na alama za kisu mfupani. Lilikuwa limetoka kwenye zulia la ngozi ya chui.

Hata hivyo sisemi kila anayeona anaota. Mwaka 1980 puma hai alinaswa kwenye mtego karibu na Cannich, Scotland, mpole kiasi cha kuonekana kwamba alikuwa amefugwa. Na mwaka 2011 gari lilimgonga puma dume huko Connecticut, jimbo la Marekani ambalo halikuwa na puma tena. Vipimo vya vinasaba vilionyesha ametoka Black Hills, South Dakota, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,400. Wote waliomwona njiani na kuambiwa wameona mbwa, bila shaka walijisikia vizuri siku ile.

Kulipokucha nilirudi kwenye tuta peke yangu; sikutaka mashahidi. Kwanza nguzo: ilikuwa imezama kwenye udongo uliomomonyoka kutoka juu, na kilichobaki kilinifika chini kidogo ya goti. Yaani rula niliyoitegemea ndiyo iliyonidanganya. Kisha nyayo, kwenye matope ya upande wa pili. Vidole vinne, hakuna alama za kucha, na kisigino kina mikunjo mitatu kwa nyuma. Mbwa au mbweha angeacha kucha, na kisigino chake hakikatiki hivyo. Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu, alikuwa paka. Nikatoa mfukoni risasi ya .308, ambayo yote pamoja na ganda lake ina urefu wa milimita 71, nikailaza kando ya unyayo. Wa chui mzima ungelingana nayo au kuipita. Huu haukufika hata nusu yake.

Mwenzangu sijamwambia mpaka leo. Naye huko anakosimulia, mnyama yule amekwisha kufika urefu wa ndama.