Re: Naenda Bangkok kufuata mzigo, siasa zao naweza kuongelea?

Salama mkuu. Umesema wenyeji wako pale Pratunam, soko la nguo la Bangkok, Thailand, wanakuchokoza uwape maoni kuhusu serikali yao na ugomvi na Kambodia, unaogopa kujibu na unaogopa kunyamaza.

Anza na simu yako kwanza, futa au usishee chochote cha kumkejeli mfalme, kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai, cha kumkashifu mfalme, ni miaka 3 hadi 15 jela kwa kila kosa na hata mgeni anashtakiwa. Hili sio la utani, chama kilichopata viti vingi 2023 kilivunjwa na mahakama 2024 kwa sababu kilitaka kukirekebisha hicho kifungu, sasa wewe wa kubeba majinzi utapona vipi?

Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni, simama tu na mabegi yako kama wenzako. Noti ikidondoka usiizuie kwa mguu, ina sura ya mfalme.

Kambodia mimi huwa sichagui upande, tangu mapigano ya Julai 2025 watu wana hasira kweli, nasema tu poleni halafu naulizia bei. Ila Trump, mafuta, vita vya Ukraine, hapo piga stori mpaka uchoke, wauzaji wanapenda na punguzo linakuja lenyewe, na usipandishe sauti hata mkibishana, kwao ukifoka umeshindwa.

Ya visa waulize ubalozi, mimi sio mtu wake.