Kihamba kina makaburi, kitindamimba anataka kuuza

SWALI: Nina miaka 71, naishi Marangu. Mume wangu alifariki mwaka 2014. Tuna watoto wanne, wote wako mbali. Nyumba ya Moshi mjini haina maneno, tumeshaelewana. Kinachoninyima usingizi ni kihamba, shamba letu la ukoo lenye migomba. Kwa mila yetu kinamwangukia kitindamimba, naye ameshatamka mbele ya wenzake kwamba nikiondoka atauza. Chini ya migomba ile wamelala mume wangu, baba yake na babu yake. Tena nina vitu ambavyo sokoni havina bei: daftari la mume wangu la kuuzia kahawa, na kanda tatu za kaseti ambamo baba mkwe anasimulia jinsi ukoo ulivyofika hapa. Nataka viingie kwenye wosia. Niandikeje?
Bibi wa wajukuu tisa

JIBU: Shikamoo mama. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 26, kwa hiyo naanza na swali la karani: mirathi ya mzee ilifunguliwa? Barua yako haisemi. Kama bado, kihamba kingali mali ya marehemu, na huwezi kukigawa kwenye wosia wako. Wengi wanakwama hapo. Beba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, nenda mahakama ya mwanzo, msimamizi ateuliwe. Jiandae kuulizwa kwa nini mmechelewa.

Kikao hicho kiite Desemba, wote wakiwa wamepanda kuja Krismasi. Makaburi yazungumzwe siku hiyo, wewe ukiwa umekaa pale pale. Kipande chake kipimwe, kizungushiwe masale, mimea yetu ya mpaka, kiandikwe kwenye muhtasari kwamba ni cha ukoo na hakiuzwi. Na njia, mama! Watu wanakumbuka makaburi wanasahau njia ya kuyafikia. Mnunuzi akija na seng'enge yake, mtabaki kuombea nje ya uzio. Andikeni njia inapita wapi na upana wake ni hatua ngapi.

Ukishajua kilicho chako, andika wosia mkavu: kitu gani, anapewa nani. Usiandike "vitu vya baba". Andika "daftari la jalada jekundu lililo kwenye sanduku la bati", au vyovyote lilivyo. Kwa sheria ya mila, kama unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, nao wajue kusoma na kuandika. Usimchukue anayerithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuuhifadhi, kwa hiyo hakuna haja ya kuuficha chini ya godoro.

Usidhani vitu vidogo havigombaniwi. Kwetu viwanja viligawanywa asubuhi moja, chai haijapoa. Cherehani cha mama ndicho kilichotununisha miaka sita, dada watatu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika aliahidiwa yeye. Nadhani mama alituahidi sote.

Kanda ndizo zenye haraka kuliko hata kihamba. Utepe unashika ukungu, unakatika. Hizo usizigawe. Tafuta kijana mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi, azihamishie kwenye flashi, kila mtoto apate nakala yake. Halafu, baba mkwe anaongea Kichagga, sivyo? Wajukuu waliokulia Dar es Salaam watasikia sauti tu. Mwite mmoja likizo, mkae na kanda ya kwanza, asimamishe kila unapomwambia, aandike kwa Kiswahili: huyu anayetajwa ni nani, mto huo ni upi, kwa nini walihama.

Daftari mpe anayeweza kuusoma mwandiko wa baba yake. Mpe sasa, kwa mkono wako, wenzake wakiona.