Re: Misioni bila bajeti inawezekana?

Ndugu, umeuliza kama kanisa ndogo ya Kadutu (komini ya Bukavu, Kongo) isiyo na franga inaweza fanya misioni, ao ni ya wale wenye kutuma batu mbali. Soma tena Matendo 1:8, Yesu anasema mutakuwa mashahidi wake Yerusalemu, Yudea, Samaria na mpaka mwisho wa dunia, hakuna pahali inasema mumalize Yerusalemu kwanza ndio mufike Samaria. Angalia Panzi hapa kwetu Bukavu, hospitali ya CEPAC (umoja wa makanisa ya Kipentekoste), ilianza 1999 na shabaha ilikuwa wamama wenye kuzaa, kumbe vita ikaleta wamama waliobakwa; daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali, naye mtoto wa pasta, hakusema hiyo si kazi yetu, wakawapokea, mpaka 2018 akapewa Nobel ya amani. Hiyo njo misioni, ilianzia kwa mgonjwa wa mlangoni.

Sasa nyinyi muko na vijana, korali, wamama wa likelemba (wenye kuchanga franga na kupeana kwa zamu). Mvua ikibeba nyumba za batu huko Kadutu muende kutoa udongo pamoja nao, bila kuuliza dini (wapasta wengine watanuna, waache). Na kwa mwinjilisti wa Shabunda, mbali huko Kivu ya Kusini, mutume hata sabuni na chumvi. Ila banderole (kitambaa cha matangazo) na mikrofoni, tafadhali, viwe vya mwisho.