Maswali ya Wasomaji: Paka Mgeni Hataki Kutoka Uvunguni

Miongoni mwa barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu, nne zinahusu jambo moja: familia imekwenda katika kituo cha kuhifadhia wanyama waliotupwa, imechagua paka, imemleta nyumbani kwa furaha, kisha imeanza kuona mambo ambayo haikuyatarajia. Nimezijibu zote nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu maelezo yake yanazisaidia na nyingine.

SWALI: Daktari, hujambo? Siku tano zilizopita tulimchukua paka jike wa miaka mitatu hivi kutoka kituo kimoja hapa Nairobi. Kule kituoni alijisugua kwenye miguu ya binti yangu, na hiyo ndiyo sababu tulimchagua yeye. Tangu tulipofungua kikapu chake sebuleni, alikimbilia uvunguni mwa kitanda katika chumba cha wageni, na mchana hatoki. Tukiinama kumwangalia hupanua mdomo na kutoa sauti kama ya nyoka. Asubuhi huona chakula kimepungua, lakini hakuna aliyewahi kumwona akila. Watoto wanalia, na mama mkwe ananiambia nimrudishe kwa kuwa paka huyu ana mambo yake. Je, nilikosea kumchagua?
Mama wa watoto wawili, Ongata Rongai

JIBU: Dada, hukukosea, na paka wako hana mambo yoyote isipokuwa hofu. Ningependa kwanza uelewe kwa nini alimsugua binti yako kule kituoni na sasa anamkimbia, maana watu wengi hudhani paka amewabadilikia. Paka huitambua nyumba yake kwa pua kuliko kwa macho. Mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso ana tezi zinazotoa harufu ambayo pua zetu haziwezi kuinusa, na kila anapojisugua kwenye mlango, kiti au mguu wa mtu, huacha alama inayomwambia kwamba mahali hapo ni pake. Kule kituoni alikuwa amekwisha kuzipaka alama hizo katika kila pembe ya banda lake, na binti yako ndiye aliyekuwa mgeni. Mlipomfungulia kikapu sebuleni kwenu, alijikuta katika nyumba nzima isiyokuwa na hata alama yake moja, yenye sauti za watoto, harufu ya mapishi ambayo hajawahi kuinusa, na milango ambayo hajui inaelekea wapi. Alifanya jambo la busara kabisa kwa mnyama mdogo, yaani alitafuta mahali penye giza pa kujificha, akatulia hapo.

Kwa hiyo msimvute, na wala msikiinue kitanda. Kila anayemtoa paka uvunguni kwa mkono humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na siku zote alizokwisha kuzimaliza huanza kuhesabiwa upya. Mpeni maficho bora zaidi ya hayo: chukueni sanduku la karatasi, mkate tundu la kumtosha kupita, mtandike ndani kitambaa alichokuja nacho kutoka kituoni ikiwa kipo, na msikifue kitambaa hicho kwa sasa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwachunguza paka 19 waliokuwa wamefika karibuni katika kituo cha wanyama, 10 kati yao wakiwa wamewekewa sanduku la kujificha na 9 wakiwa hawana, na wale wenye sanduku walitulia mapema zaidi katika siku za mwanzo. Watu huona paka aliyejificha kuwa ni paka aliyeshindikana, lakini maficho ndiyo yanayompa nguvu ya kutoka.

Chumba hicho cha wageni alichokichagua mwenyewe kiwe ndicho nyumba yake kwa sasa. Fungeni mlango, wekeni chakula upande mmoja na beseni la mchanga upande wa pili kabisa, kwa sababu paka hapendi kula karibu na choo, na maji yakae mbali kidogo na vyote viwili. Kama kituo kilimzoesha kutumia maranda ya mbao badala ya mchanga, mwendelee na maranda hayo kwa majuma ya kwanza. Mwombeni msichana wa kazi asisugue sakafu ya chumba hicho kwa dawa kali yenye harufu, kwa kuwa harufu hiyo huzifuta alama ambazo paka anajitahidi kuziweka kila usiku mnapolala.

Kuhusu watoto, najua hapa ndipo penye ugumu. Wafundishe kuingia mmoja mmoja, kuketi sakafuni wakiwa wamempa paka ubavu badala ya kumkabili, na kusoma kitabu kwa sauti ya chini kwa muda wa robo saa bila kumwita wala kumnyooshea mkono. Ipo salamu moja ambayo watoto huipenda sana: paka akikutazama, fumba macho polepole, kisha uyafumbue polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba paka huirudisha salamu hiyo, na kwamba humsogelea zaidi mgeni aliyewasalimu hivyo kuliko mgeni aliyewatazama kwa uso usiobadilika. Siku binti yako atakaporudishiwa salamu hiyo kutoka gizani mwa sanduku, kilio chake kitakwisha.

Wanaofanya kazi katika vituo hutumia kipimo cha siku tatu, majuma matatu na miezi mitatu: siku tatu za hofu kali, majuma matatu ya kujifunza utaratibu wa nyumba, na miezi mitatu hadi paka aione nyumba kuwa yake. Ni kipimo cha kukisia tu, na wapo wanaokivuka. Mimi mwenyewe niliwahi kumlea paka aliyekaa juu ya kabati la nguo siku 19, akishuka usiku tu, na siku ya 20 alikuja kulala juu ya miguu yangu kana kwamba tumeishi pamoja miaka yote. Wako akianza kutembea chumbani mchana akiwa amesimamisha mkia, uacheni mlango wazi, atoke mwenyewe na arudi anapotaka. Nje ya nyumba asitoke kabla ya majuma matatu au manne, maana paka ambaye hajaizoea nyumba mpya akishtuka hupotea.

Yapo mambo ambayo subira haiyafai. Paka akimaliza siku nzima bila kula kitu chochote, mpigie simu daktari wa mifugo, na asifikishe siku mbili, kwa kuwa paka asiyekula, hasa aliye mnene, huweza kujaa mafuta kwenye ini na kufa kwa sababu hiyo. Wako anakula usiku, na hiyo ni habari njema sana. Pima chakula kabla ya kulala na asubuhi ili ujue anakula kiasi gani. Kupiga chafya na macho kutoa machozi ni jambo linalowapata paka wengi baada ya kuhama, kwa sababu virusi vya mafua yao hujificha mwilini na kuamka mnyama anapopata msongo, lakini mpeleke akionwe kama makamasi yamekuwa mazito au ameacha kula. Na wasomaji wenye paka dume wajue kwamba dume anayechuchumaa mara kwa mara pasipo kutoa mkojo anahitaji daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na huyu ameanza kuwa wa nyumba.

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaye paka dume wa miaka sita, mtulivu kabisa. Juma lililopita nilimleta mwenzake kutoka kituoni, kijana wa mwaka mmoja ambaye amekwisha kuhasiwa. Niliwakutanisha sebuleni jioni ile ile wazoeane, wakapigana vibaya, na mimi nikaumwa mkononi nilipojaribu kuwaamua. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Tuanze na mkono wako. Jeraha la kuumwa na paka huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo. Wewe umechelewa, lakini nenda leo, umweleze daktari kama paka aliyekuuma amechanjwa kichaa cha mbwa au la. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani sana, hivyo jeraha huonekana dogo juu huku usaha ukijikusanya chini. Paka wakipigana tena, warushie blanketi au uingize ubao kati yao, na mkono usiupeleke kamwe.

Sasa watenganishe kabisa, kila mmoja na chumba chake, na uanze kana kwamba hawajawahi kuonana. Kosa la jioni ile ni kwamba mzee wa nyumba aliona macho na kucha za mgeni kabla hajaizoea harufu yake. Chukua kipande cha kanga, umsugue nacho mgeni mashavuni, ukiweke karibu na sahani ya mwenyeji, na umfanyie mgeni vivyo hivyo kwa kipande kingine. Wakila karibu na vitambaa hivyo bila kununa, waleteeni chakula pande mbili za mlango uliofungwa, kila siku ukizisogeza sahani karibu kidogo na mlango. Baadaye wabadilishane vyumba kwa saa chache. Mwisho kabisa ndipo waonane kupitia wavu au mlango uliofunguliwa kwa upana wa vidole viwili, kwa dakika chache, wakiwa na chakula. Kazi hii huchukua majuma, na kwa wengine miezi. Weka mabeseni matatu kwa paka hao wawili, katika sehemu tofauti, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia mmoja anapomzuia mwenzake kufika chooni. Na ikiwa huyo mzee hajahasiwa, mpeleke; kumhasi mgeni peke yake hakutoshi.

SWALI: Nimemchukua paka kutoka kituoni, nami nampa ugali kwa maziwa ya ng'ombe kama tulivyowalisha paka wa kijijini. Anaharisha. Je, ni ugonjwa wa kituoni?
Mwalimu mstaafu, Thika

JIBU: Mwalimu, naamini ni maziwa. Paka wengi waliokwisha kuacha kunyonya hawawezi kuiyeyusha sukari iliyomo katika maziwa, na wale wa kijijini tuliowakumbuka wakinawiri kwa ugali walikuwa wakijilipa kwa panya na ndege. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na bila nyama hukosa taurini, ambayo macho na moyo wake huihitaji. Kwa siku chache mpe chakula kile kile alichokuwa akila kituoni, pamoja na maji safi, kisha umhamishie chakula kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Dagaa au omena waliochemshwa bila chumvi, vipande vya kuku visivyo na mifupa na ini kidogo vinafaa kuongezea, lakini chakula kilichotengenezwa mahususi kwa paka kiwe ndio msingi. Vitunguu, vya maji na vya saumu, ni sumu kwake, kwa hiyo mchuzi wa mezani usimmwagie. Vilevile asipewe panadoli hata kipande, kwa maana dawa hiyo huua paka. Kuhara kukiendelea zaidi ya siku mbili, au ukiona damu, mpeleke kwa daktari na sampuli ya kinyesi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mjamzito wa miezi minne. Paka tuliyemchukua ametuzoea, na sasa hulala juu ya msala wangu. Mawifi wanasema nyumba haiswaliki, na kwamba paka atamdhuru mtoto tumboni. Mume wangu anafikiria kumrudisha kituoni.
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Kuhusu msala, wanazuoni wa karibu nawe watakueleza vizuri kuliko mimi, lakini inajulikana sana hadithi ya Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akamweleza mkwewe aliyestaajabu kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Kuhusu mtoto, hofu ya mawifi ina asili ya kweli, nayo ni ugonjwa wa toksoplasma, unaoletwa na kimelea kidogo cha jina hilo. Paka aliyeambukizwa hutoa mayai ya kimelea hicho katika kinyesi, kwa kawaida kwa kipindi cha majuma machache tu baada ya maambukizi ya kwanza. Mayai hayo hayawezi kumwambukiza mtu yakiwa ndiyo kwanza yametoka. Huhitaji kukaa siku moja hadi tano kabla ya kuwa hatari, na ndiyo maana beseni linalosafishwa kila siku huondoa sehemu kubwa ya hatari. Kumshika paka manyoya si njia kubwa ya kuupata ugonjwa huu. Watu wengi huupata kwa kula nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa, au kwa kushika udongo wa bustani kisha wakala bila kunawa. Mwambie mkunga katika kliniki yako kwamba unaishi na paka, na umwulize kuhusu kipimo cha damu. Nyama yote iive, mboga zioshwe, na paka asipewe nyama mbichi wala asiachwe kwenda kuwinda nje hadi ujifungue.

Kumrudisha paka aliyekwisha kuzoea ni kumwanzishia upya hofu ile ile niliyoieleza katika barua ya kwanza, na katika hali yako sioni sababu ya kufanya hivyo. Kazi ya beseni ihamie kwa mumeo kuanzia leo: alisafishe kila asubuhi kabla hajakwenda kazini, akimwage kinyesi katika mfuko uliofungwa, aliroweke beseni kwa maji ya moto, kisha anawe mikono kwa sabuni ndipo akuandalie chai.