Shangazi, kila nikifungua Kusadikika mke wangu anapakua viazi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu hapa Njombe, wa miaka 13, 10 na 7. Tangu mwezi wa tano nimeanzisha usomaji wa familia, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku, sebuleni. Ratiba nimeibandika ukutani. Tunasoma Kusadikika ya Shaaban Robert, maana Kiswahili cha watoto wa siku hizi ni cha katuni. Mke wangu hanipi ushirikiano. Nikifika patamu anaita kwamba viazi vimeiva. Mara mbili amenicheka mbele ya watoto, mojawapo nilipowaeleza kwamba hasidi ni mtu mwenye hasira. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, anawavutia jikoni kwa hadithi zake za Kibena. Sasa tuko ukurasa wa 14. Mdogo anasinzia. Wa kati aligoma kutaja dhamira mbili, nikampa kofi dogo la kumwelekeza. Mke wangu aliishia darasa la saba, haoni thamani ya fasihi. Samaki mkunje angali mbichi. Nimwelimisheje huyu mwanamke?*
*Baba Mwenye Nia, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Baba anayekaa na wanawe jioni badala ya kukaa kilabuni na kikombe cha ulanzi anastahili hongera, nami nakupa. Hongera imeisha. Sasa tusome barua yako pamoja, maana naona uliiandika bila kuirudia.

Umesema mkeo alicheka uliposema hasidi ni mtu mwenye hasira. Mwanangu, hasidi ni mwenye husuda, yule ambaye chako kikinawiri yeye hapati usingizi. Hasira ni jambo jingine kabisa. Mkeo alijuaje kuwa umekosea? Alijua kwa sababu alikuwa anasikiliza, na kwa sababu neno analo. Huyo mama wa darasa la saba yuko jikoni, moshi machoni, anamenya viazi, na sikio lake liko sebuleni kwa Shaaban Robert. Wewe mwenye kitabu mkononi ndiye uliyepotea njia. Halafu unaniuliza umwelimisheje! Mimi nisingeuliza. Ningeona haya.

Twende kwenye hesabu. Tangu mwezi wa tano, siku tano kwa wiki, saa nzima kila siku, na mko ukurasa wa 14. Hata mwenye kigugumizi angekuwa amemaliza. Kwa hiyo muda mwingi hapo sebuleni hausomi, unahoji. Mhusika Karama anaashiria nini? Taja dhamira. Mwandishi ametumia mbinu gani? Mtoto wa miaka 10 unamtaka dhamira mbili usiku, akiwa ameondoka nyumbani alfajiri kwenye ukungu kwenda shule, na huko alihojiwa hivyo hivyo mchana kutwa. Kisha unampa kofi na unaliita dogo. Shavu la mtoto halina kipimo chako. Kumkunja samaki siyo kumvunja, na kofi hilo ukaliombe radhi leo, mbele ya nduguze.

Na kingine ulichoficha. Njombe mwezi wa saba naijua. Baridi inapasua midomo, ukigusa beseni la bati asubuhi vidole vinaganda. Moto uko wapi katika nyumba yako? Uko jikoni kwa mama yako, wewe mwenyewe umeandika. Sebuleni kuna saruji, viti na ratiba. Hao watoto hawakukimbia fasihi, baba, walifuata joto. Na huko kwenye joto walikuta fasihi nyingine: bibi anasimulia, anabadilisha sauti fisi akizungumza, anaimba kipande nao wanaitikia. Hakuna anayewauliza dhamira. Unamwona mama yako ni mshindani wako, kumbe ndiye mwalimu uliyepaswa kumtazama anavyofanya.

Tena hapa niseme kidogo, msomaji atanivumilia. Kila wiki napokea barua za wake wanaolia na mama wakwe, na za mama wakwe wanaolia na wake. Chumvi imezidi, mtoto kafungwa nepi vibaya, nani kamwambia nini baba yenu. Wewe umejaliwa nyumba ambamo mke na mama mkwe wake wanakaa moto mmoja na wanaelewana, nawe unaandika kulalamika! Ndoa za siku hizi zimekuwa ofisi. Mume anarudi na mpango aliousikia semina au kwenye kikundi cha simu, anabandika ratiba ukutani, anataka ushirikiano kana kwamba mke ni idara. Alimshirikisha lini? Katika barua yako nzima sijaona mahali ulipomwambia, mama watoto, nina wazo, wewe unaonaje? Wazee wetu hawakuwa na ratiba, lakini mwanaume alijua chakula kinaiva saa ngapi nyumbani kwake. Ninyi mnapanga kikao saa ile ile sufuria linaepuliwa, halafu mnaita hujuma.

Basi, turudi kwenye kitabu, maana hapo nia yako ni njema na sitaki uitupe.

Kusadikika siyo mlango wa kuingilia. Ni kitabu cha mwaka 1951, kinaanza kwa kueleza nchi iliyo angani, kisha kinakuingiza mahakamani, na sehemu kubwa ni mshtakiwa mmoja, Karama, amesimama mbele ya mfalme akijitetea kwa hotuba ndefu. Mimi nakipenda. Nilikipenda nikiwa na umri wa kulipa kodi. Mkubwa wako wa miaka 13 ataweza baada ya muda. Wa miaka 7 usimsumbue.

Chukua Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert huyo huyo. Kijitabu chembamba, unakimaliza kwa wiki chache. Kuna mtawala mpole anaitwa Adili, na nyumbani kwake kuna manyani wawili ambao kila usiku ni lazima awachape, apende asipende. Kwa nini? Mfalme mwenyewe anataka kujua kwa nini. Mwambie mtoto wa miaka 7 kwamba wale manyani walikuwa watu, tena ndugu zake Adili, halafu ufunge kitabu uone kama atasinzia. Mbele kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Marehemu baba yangu alitusomea mbele ya koroboi, mdomo wake ukitangulia sauti kidogo, maana alijifunza kusoma ukubwani. Nusu ya maneno sikuyaelewa, wala hakuna aliyeniuliza. Lakini usiku nikienda msalani nilikuwa nageuka nyuma kuangalia kama kuna nyani.

Na unajua majina ya hao ndugu wawili? Mmoja ni Mwivu. Mwingine ni Hasidi. Naona kicheko cha mkeo kilikuwa kinakuelekeza kitabu sahihi.

Maneno magumu usiyaogope wala usiyageuze kamusi. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, aliyezaliwa 1909, na Kiswahili chake kina Kiarabu kingi na methali nyingi. Soma sentensi moja kwa moja. Neno likiwazidi watauliza wenyewe, na usipolijua sema sijui, tumuulize mama. Utapungukiwa nini?

Jambo moja zaidi kuhusu huyo mzee, kwa sababu unamtumia kama fimbo. Alikuwa karani wa forodha miaka mingi, mtu wa mshahara kama wewe, na alikuwa baba. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la maombolezo ambalo watu wanalisoma hadi leo. Amina wake hakumshtaki kwa Shangazi. Kwa binti yake aliandika Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume akaandika Utenzi wa Adili, wasia wa mzazi kwa mtoto, beti fupi fupi za kukaa moyoni. Hizo tenzi ndizo umsomee mkubwa wako, mkiwa wawili, siku mkienda shambani au kuteka maji.

Sasa sikiliza nitakachokuagiza. Ratiba ibandue. Mambo yahamie jikoni, baada ya kula. Siku tatu kwa wiki zinatosha, robo saa kila siku, na ukiona wanataka zaidi, hapo hapo funga. Msomaji atakuwa mkeo. Wewe utakaa kwenye kigoda na kumenya viazi vya kesho, maana mikono yako haina kazi na masikio yatakutosha. Mama yako akimkatiza kusema kwamba hadithi kama hiyo hata Kibena ipo, mwacheni aisimulie, mtarudi kwa Adili kesho. Hiyo kesho ndiyo ya kwanza watakayoingoja.

Mkeo akikataa kwa aibu, akisema yeye ni wa darasa la saba tu, ujue hayo maneno ameyasikia mahali, na sidhani ni kwa jirani.

Niandikie tena mkifika kwenye mji wa mawe. Na umuulize mama watoto, kwa heshima, ile mara ya pili alicheka neno gani. Hukuliandika.

Shangazi, Mbeya