Mwanangu wa miaka 16 aliletwa amelewa: je, sala zake hazikubaliwi siku 40?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama, niko Tanga. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Shule zilipofungwa alikwenda kwenye sherehe ya wenzake, wakashindana kunywa pombe kali iliyochanganywa na soda. Aliletwa saa saba usiku hajitambui. Kwa kuogopa majirani tulimmwagia maji, tukamfungia chumbani alale mpaka ulevi umtoke. Alhamdulillahi, aliamka. Baba yake ameapa wallahi mtoto huyo hatakanyaga tena nyumbani, na sasa mtoto yuko kwa bibi yake. Mwenyewe ameacha kusali. Anasema alisikia kwenye darsa kuwa mlevi sala zake hazikubaliwi siku 40, basi anangoja ziishe. Shemeji yangu naye anasema ni mtoto, hajafika miaka 18, hana dhambi. Tufanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, mama. Kabla ya sala na kiapo nitaanza na jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo lililonitia hofu nilipokusoma: kumfungia chumbani.

Aliyekunywa pombe kali nyingi kwa muda mfupi hapati nafuu kwa kulazwa tu. Iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu, na ini haliharakishwi. Huiondoa kidogo kidogo, takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa. Kijana anaweza kufika nyumbani bado anaropoka, na saa moja baadaye akawa na hali mbaya kuliko alipofika. Pombe ikizidi hulemaza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Mtu hutapika akiwa amelala chali, hawezi hata kukohoa, matapishi yakamwingia mapafuni. Wako vijana waliokufa hivyo, mlango umefungwa, wazazi wakidhani amelala. Maji ya baridi hayaondoi ulevi, yanazidi kuushusha mwili joto ambalo pombe imekwisha kulishusha. Kahawa nayo haisaidii kitu.

Likitokea tena, kwako au kwa jirani, Mungu apishe mbali, mlazeni kwa ubavu na mtu mzima akae naye, asiondoke. Akiitwa na kutikiswa haamki, au zikapita sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, au ngozi ikawa baridi na midomo kubadilika rangi, au akatapika bila kujitambua, au degedege ikamshika, apelekwe hospitali usiku uleule, na daktari aelezwe wazi alichokunywa. Kama ni gongo, au pombe isiyojulikana ilikotoka, mwangalieni hata siku ya pili. Ikiwa ndani yake mna methanoli, madhara huchelewa kuonekana, na akianza kulalamika kuwa macho yanaona ukungu, msingoje hata kidogo, maana methanoli hupofusha na kuua.

Najua mlichokuwa mkikiogopa ni aibu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Lakini sitara hiyo ni kutomtangaza. Haikuruhusu kumnyima tabibu. Mafaqihi wetu wa Kishafi wamesema aliyekwamwa na tonge kooni, akawa hana cha kuliteremshia ila pombe, aliteremshe kwa pombe hiyo, ili aokoke. Sheria iliyoutanguliza uhai mbele ya uharamu wa pombe yenyewe haiwezi kuyatanguliza macho ya majirani.

Kuhusu umri, shemeji yako amechanganya mambo mawili. Miaka 18 ni umri wa sheria ya serikali katika kuuziwa kileo. Katika dini hesabu ni baleghe: ndoto, au kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo kwa madhehebu yetu. Kijana wako amebaleghe na ameandikiwa kosa lake. Hata angekuwa na miaka 10, hadithi ya kalamu ya kuandika madhambi kuinuliwa kwa watu watatu, akiwemo mtoto mpaka abaleghe, ingemwondolea dhambi yeye, isimwondolee mtu mzima aliyempa. Na mwili wake usingesamehewa chochote. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka kwenye miaka ya 20 na kitu, na pombe huudhuru zaidi ukiwa bado haujakomaa.

Sasa sala, na hapa naomba mwanao asome mwenyewe. Hadithi aliyoisikia ipo, ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yao: anayekunywa pombe, sala yake haikubaliwi asubuhi 40. Lakini maneno yanayofuata papo hapo ni kwamba akitubu, Allah humpokelea toba yake. Aliyekusomea nusu ya kwanza akanyamaza alikuwa na wajibu wa kumalizia, na nasema hivi kwa sababu nimekutana na vijana wengi walioachwa kwenye nusu hiyo. Imamu Nawawi, akifafanua hadithi nyingine ya siku 40, ile ya aliyemwendea kahini, yaani mpiga ramli, ameeleza kuwa maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu. Faradhi inabaki na inamlazimu kuisali. Kuacha sala kwa makusudi ni dhambi kubwa ya pili juu ya ile ya kwanza. Kijana wangu, hakuna siku za kungoja. Jutia ulilofanya, liache, azimia kutolirudia, kisha oga ukasali sala iliyo mbele yako leo. Zote zilizokupita, tangu ya usiku ule, uzikidhi, yaani uzisali kuzilipa.

Nilipenda pia ujue kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Palikuwa na mtu aliyeletwa kwa Mtume mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akapigwa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume akamkataza, akasema msimlaani, kwani anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo na pombe ilibaki haramu, na mtu yule hakufukuzwa katika umma.

Kuna jambo linanisumbua katika sherehe hizi. Wengi wa watoto hawa hawapendi ladha ya pombe, ndiyo maana huifunika kwa soda. Wanachokiogopa ni kuchekwa. Mmoja anaanza kuhesabu, wengine wanapiga makofi, na mtoto anayejua fika kuwa ni haramu anameza glasi ya tano. Mzungumze naye juu ya hapo hasa, ajizoeze jibu la kuwapa wenzake na njia ya kuondoka mapema, na ajue akipiga simu usiku baba yake atakuja kumchukua bila matusi.

Tusimsahau muuzaji. Katika suala la pombe Mtume aliwalaani watu kumi, na wamo anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, vile vipakiti ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha mfukoni mwa sare. Ilikuwa hatua njema, lakini mtoto wako kanunuliwa au kauziwa chupa na mtu mzima. Ulizieni ni nani, mkatoe taarifa ofisi ya serikali ya mtaa. Hiyo haivunji sitara ya mwanao, maana muuzaji huyo kesho atamuuzia mtoto wa mwingine.

Limebaki la baba yake. Mwambie hasira yake ina haki, lakini je, kiapo chake kimfunge mpaka ampoteze mtoto? Mtume amesema mwenye kuapa kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, alifanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara hiyo imo katika Suratul Maida aya ya 89, na aya inayofuata, ya 90, ndiyo iliyoharamisha pombe; azisome zote mbili pamoja. Awalishe masikini 10, kila mmoja kibaba cha chakula cha mji wenu, mchele unatosha, au awavishe. Akishindwa, afunge siku 3. Akamchukue mwanawe kwa bibi, na Magharibi wasali pamoja, mtoto amkimie baba yake sala.

Wallahu a'lam.