Mkopo wa asilimia 10 kwa wenye duka mji mkongwe

Nauza vikapu na mikeka ya ukindu Mtaa wa India hapa Bagamoyo, na kila wiki kuna dada ananiuliza tulipataje ule mkopo wa halmashauri, basi leo naandika yote.

Kwanza ile hela iko kisheria, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Ila kukosa riba sio kukosa marejesho jamani! Muwe kikundi cha kuanzia watu 5, mmesajiliwa, mna katiba na akaunti ya benki, afu anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, sio kwa mtu anayetaka chochote kitu ndo awasaidie.

Sisi tulikosea kwenye marejesho. Tulikubali kulipa kiasi kilekile kila mwezi kuanzia Machi, hatukuwaza kwamba mtaa wetu unakula kwa wageni na masika ikishuka wageni hakuna, Aprili nzima nimekaa barazani vikapu vinaota ukungu mlangoni, siku nne sijauza hata kimoja na tarehe ya kulipa iko palepale. Mwenzetu mmoja akauza cherehani yake, mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo kwenye andiko la mradi wekeni wazi miezi ya wageni na miezi isiyo na wageni, tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, mlitaje, na ombeni marejesho yaanze masika ikishapita. Ombeni kabla ya kusaini.

Lingine nyumba. Usitoe hela ya mtaji ukapige sementi ukutani, hizi nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinataka kupumua. Mimi nilipiga plasta pembeni ya mlango, mvua ya kwanza tu ikavimba, ikabanduka, chumvi nyeupe ikamwagikia mikeka yote. Waone kwanza watu wa Mambo ya Kale, ile idara ya serikali ya majengo ya kale, wanajua nini kinaruhusiwa, afu tafuta fundi wa chokaa. Na kweli natamani serikali itufikirie na kuta pia, maana mgeni anasimama kupiga picha mlango wa nakshi kwanza, ndo anaona kikapu.

Mnaoanza kikundi sasa hivi njooni dukani mnakili katiba yetu, kopi ipo.